Harrier au Forester: Hesabu ya Familia Inayolala Goba

Jaribu siku moja, kwenye kikao cha maandalizi ya harusi jijini Dar es Salaam, mweka hazina akiwa anahangaika na ahadi ambazo hazijalipwa, uulize kwa sauti gari lipi bora kati ya Harrier na Forester. Ahadi zitasahaulika. Mwenye Harrier atakuambia Subaru ni gari la vijana wapenda kelele na fundi wake hapatikani Jumapili. Mwenye Forester atajibu kwamba Harrier ni sebule iliyofungwa matairi. Watakaobishana kwa nguvu zaidi ni wale wasio na gari kabisa.

Ubishi huu una raha yake, lakini unaficha jambo moja: katika matoleo ambayo watu wengi wa kipato cha kati wanayatafuta sasa, magari haya mawili yanafanana kuliko mashabiki wake wanavyokubali. Harrier ya kizazi cha tatu, ile inayoitwa Anaconda mtaani, ilianza kuuzwa Japani Desemba 2013. Forester ya kizazi cha nne, inayotambulika kwa herufi SJ, ilitangulia kwa mwaka mmoja, Novemba 2012. Toleo la kawaida la kila moja lina injini ya petroli ya lita mbili. Harrier inatoa nguvu farasi 151, Forester 148. Zote zina giaboksi ya CVT, zote zina tangi la lita 60, na zote zinakuja kutoka minada ileile ya Japani, mara nyingi kwenye meli moja.

Nimelazimika kulitazama suala hili bila ushabiki kwa sababu dada yangu na shemeji wanataka kununua, na kila jioni simu inaita. Wanaishi Goba, upande ambao lami inaishia kabla ya kufika nyumbani. Wana watoto wawili, bibi mmoja ambaye magoti yanamsumbua, na safari ya Moshi kila Desemba. Shemeji anataka Harrier. Dada anataka jibu.

Umri ndio unaouma

Tuanze bandarini, maana pesa nyingi huishia hapo. TRA ina kikokotoo chake mtandaoni, na yeyote anayefikiria kuagiza gari akifungue kabla hajafungua picha za magari. Kwa gari dogo la mtumba, ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima mpaka bandarini. Juu yake unakuja ushuru wa bidhaa: asilimia 5 kwa injini iliyozidi cc 1,000 lakini haijavuka 2,000, na asilimia 10 kwa iliyovuka hapo. Gari lenye miaka minane hadi 10 linaongezewa asilimia 15 kwa ajili ya umri, na lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30. Halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla yote hiyo, na bado zipo tozo ndogondogo.

Kwa ukubwa wa injini, hapa hakuna mshindi. Ya Harrier ni cc 1,986, ya Forester ni cc 1,995. Zote zimekaa chini tu ya mstari wa 2,000. Wajapani hawakufanya hivyo kwa kutuhurumia sisi. Hata kwao kodi ya gari ya kila mwaka hufuata ukubwa wa injini, na lita mbili ni mojawapo ya mipaka. Mwenye kuitamani Harrier ya haibridi ajue kwamba ile ina injini ya cc 2,493, kwa hiyo inahamia kwenye asilimia 10.

Sasa chukua gari lenye thamani ya dola 6,000 likifika bandarini. Likiwa na umri chini ya miaka minane, kodi hizo kuu zinafika takribani dola 3,300. Likiwa kati ya minane na 10, zinafika kama dola 4,600. Likivuka 10, zinakaribia dola 5,950. Yaani umelipia magari mawili ukakabidhiwa moja. Harrier ya 2014 inaonekana rahisi kwenye picha kwa sababu ni kuukuu, na kuukuu huko ndiko kunakotozwa.

Kuna jambo jingine ambalo madalali hawalitaji. Kodi inakuza tofauti ya bei. Harrier ya mwaka uleule na hali ileile kwa kawaida huuzwa ghali kuliko Forester huko Japani. Tuseme tofauti ni dola 1,500. Kwa gari lililozidi miaka 10, tofauti hiyo ikishapita forodhani inakaribia dola 3,000. Ukizikopa pesa hizo benki au SACCOS, weka na riba.

Shemeji ana jibu lake: zitarudi siku ya kuuza. Hili ndilo neno kuu la kila mnunuzi wa Toyota nchini, na si uongo. Harrier ikitangazwa Jumatatu inaweza kuwa imeondoka kabla ya wikiendi, wakati Forester inasubiri mtu anayeielewa. Lakini angalia unachokifanya. Unachukua pesa za leo, ambazo zingelipa ada, unazifungia kwenye bati la gari kwa miaka mitano au sita, kwa matumaini kwamba mtu usiyemjua atakurudishia sehemu yake. Mfanyabiashara anayebadilisha gari kila mwaka ana sababu ya kufikiri hivyo. Familia inayokaa na gari mpaka mtoto wa darasa la pili aingie kidato cha kwanza haina sababu kubwa ya namna hiyo. Nimemwambia shemeji kwamba Harrier anataka kumnunulia mtu mwingine. Hakufurahi.

Kuhusu mafuta sitasema mengi. Vipimo vya Japani vinayaweka magari haya karibu sawa, na ndani ya foleni ya Barabara ya Morogoro yote yanakunywa. Ukipata kilomita 10 kwa lita mjini, shukuru. Kwa kilomita 1,000 za mwezi, lita ikiwa shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu, ni shilingi 300,000 kwa gari lolote kati ya hayo. EWURA inatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tangazo hilo litaibadilisha bajeti yako kuliko nembo iliyo mbele ya gari.

Fundi, spea na oili

Hapa Harrier inashinda, na haishindi kwa kidogo. Injini yake, 3ZR, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Noah, Voxy na Wish za lita mbili, magari yaliyojaa nchi nzima. Fundi wa Babati au Sumbawanga ambaye hajawahi kuigusa Harrier Anaconda ameshaifungua injini yake mara nyingi. Gerezani, Kariakoo, utapata plagi, pampu ya maji, bushi na breki pedi zake kwa madaraja yote: mpya za kampuni, mpya zisizo za kampuni, za mtumba kutoka Japani, na feki zilizofungashwa vizuri kuliko zile halisi.

Si kwamba haina ugonjwa. 3ZR ya Harrier ina mfumo uitwao Valvematic, unaoamua vali zifunguke kiasi gani, na kifaa chake cha umeme kikigoma gari hupoteza nguvu na taa ya injini inawaka. Kukibadilisha ni pesa ya kutosha kumnyima mtu usingizi. Lakini fundi ameshalisikia tatizo hilo, anajua aanzie wapi, na anajua nani wa kumpigia simu.

Forester ni habari nyingine. Injini yake ni ya boksa: pistoni zimelala, zinatazamana kushoto na kulia. Hilo linaishusha injini chini, na gari linakaa vizuri kwenye kona. Linaziweka pia plagi ubavuni, karibu na fremu, ambako mkono wa fundi hauingii kirahisi, na kazi ya dakika chache kwenye Toyota inakuwa ya saa nzima. Wengi bado wanaiogopa kwa sababu ya injini ya zamani, EJ, iliyokuwa na mkanda wa taimingi wa kubadilishwa na sifa mbaya ya gasketi ya silinda. SJ haina injini hiyo. Ina FB20, yenye cheni badala ya mkanda. Sifa mbaya, hata hivyo, hudumu kuliko injini zenyewe.

FB nayo ilianza na kasoro yake, ya kula oili. Nchini Marekani wamiliki waliishtaki Subaru kuhusu Forester za 2011 hadi 2014 na magari mengine ya familia hiyo ya injini, na mwaka 2016 wakafikia suluhu iliyorefusha dhamana. Kwa mnunuzi wa Dar funzo ni dogo na rahisi: chomoa kijiti cha oili kila unapojaza mafuta. Anayesubiri taa ya dashibodi imwambie amechelewa.

Tatizo linaloyahusu magari yote mawili ni giaboksi. CVT haina gia za kuhesabu. Ya Toyota hutumia mkanda wa chuma, ya Subaru hutumia cheni, na kila moja ina oili yake maalumu ambayo haifanani na ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki za zamani. Fundi wa kando ya barabara akimimina ile nyekundu kwa sababu ndiyo aliyonayo, umeshaanza safari ya kutafuta giaboksi ya mtumba. Vivyo hivyo kwenye injini. Zote mbili zimetengenezewa oili nyepesi ya 0W-20, na bado kuna gereji ambako dawa ya kila gari ni oili nzito ya 20W-50, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto.

Forester ina masharti ya ziada kwenye matairi. Kwa sababu inasukuma matairi yote manne muda wote, yanapaswa kulingana kwa saizi na kwa kiwango cha kulika. Tairi moja likipasuka Korogwe na ukanunua jipya moja, umeupa mfumo wake kazi ambayo haukuumbwa kuifanya. Wenye Harrier ya kuvuta kwa mbele tu, na zinazoingia nchini nyingi ni hizo, hawana hofu hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayeitaka Forester si kama anaipenda. Ni jina la fundi wake. Dar es Salaam wapo mafundi wanaoshughulika na Subaru peke yake, wana mashine za kusoma kompyuta ya gari, na wanaagiza spea. Moshi na Arusha pia Subaru si ngeni. Mwenye kuishi Tunduru ningemwambia achukue Toyota na tusipotezeane muda.

Pembe kwa pembe

Mwaka 2012 taasisi ya IIHS ya Marekani ilianzisha kipimo kipya cha ajali. Gari linagongeshwa kizuizi kwa robo tu ya upana wake wa mbele, upande wa dereva, kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Kwetu ajali hiyo tunaijua bila maabara: mtu ameingia kulipita lori, amekadiria vibaya, anarudi upande wake kwa kuchelewa, na magari yanakutana pembe kwa pembe. Magari mengi yaliyokuwa yakisifiwa yalianguka mtihani huo, kwa sababu nguzo zao imara zilikuwa katikati na pigo lilipita pembeni.

Mei 2013 yalitoka matokeo ya SUV ndogo. Forester ya toleo hili ndiyo pekee katika kundi hilo iliyopata alama ya juu kabisa. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Euro NCAP ya Ulaya ilikuwa imeipa nyota tano. RAV4 ya wakati huo ilipopimwa na IIHS ilipata alama ya chini kabisa kwenye kipimo hicho cha pembe. Toyota ikaifanyia marekebisho, na ya mwaka 2015 ikapata alama ya juu.

RAV4 inaingiaje hapa? Harrier Anaconda imejengwa juu ya msingi mmoja na RAV4 hiyo. Yenyewe haikuuzwa Ulaya wala Marekani, ndiyo maana hutaikuta kwenye orodha za taasisi hizo mbili. Si haki kuihukumu Harrier kwa mtihani alioufeli ndugu yake. Lakini mzazi akiniuliza ni gari gani kati ya haya lina ushahidi wa hadharani kuhusu ajali ya namna hiyo, jibu ni moja.

Forester nyingi pia zina EyeSight: kamera mbili zilizo juu ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, zinazoliona gari la mbele na kushika breki dereva akipitiwa. Ni kitu kizuri, chenye gharama ambayo hakuna anayeitaja. Jiwe la lori likikivunja kioo hicho kule Mkata, kioo cha kubandika chochote hakitatosha; kamera zinahitaji kioo safi kisichopindisha picha, na zipangwe upya. Harrier za mwanzo zilikuwa na mfumo wa namna hiyo kwenye madaraja ya juu tu. Kuanzia maboresho ya Juni 2017 Toyota iliuweka kwenye Harrier zote, na kama mfuko unaruhusu, hizo za 2017 kuendelea ni gari tofauti kwa upande wa usalama.

Usidhani kila gari lililotoka Japani lina vifaa vya lile lililopimwa Ulaya. Japani wanauza madaraja mengi. Fungua mlango, tafuta neno AIRBAG ubavuni mwa kiti cha mbele na juu ya nguzo, karibu na dari. Kama halipo, mfuko wa hewa wa pembeni haupo, hata dalali aape.

Na matairi. Magari mengi yanafika yakiwa na matairi ya theluji, ya mpira laini wenye mikato myembamba mingi, yaliyotengenezwa kwa ajili ya Hokkaido Januari. Kwenye lami ya moto kati ya Segera na Same, kwa mwendo wa 100 na abiria watano, matairi hayo hayafai. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ndefu inayoanzia na DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Bajeti ya gari isiyo na matairi manne mapya ndani yake haijakamilika.

Watoto wa nyuma wafunge mikanda. Tunafunga cha mbele kwa ajili ya trafiki, wa nyuma tunawaacha wacheze.

Barabara ya nyumbani

Forester imenyanyuka milimita 220 kutoka ardhini, Harrier 190. Sentimita tatu zinaonekana upuuzi mpaka ufike Goba wakati wa masika, pale maji yalipochimba mfereji katikati ya njia na kila jirani amemwaga kifusi chake. Ukiongeza ukweli kwamba Forester inasukuma kwa matairi manne na ni nyepesi kwa takribani kilo 100, tofauti inakuwa ya kulala nyumbani au kuliacha gari dukani kwa Mangi.

Ndani, Harrier ina haki yake. Viti vyake, mshono wa dashibodi, ukimya wake barabarani: ukikaa humo baada ya siku ya kazi, unaelewa kwa nini watu wanalipa. Forester ina plastiki ngumu na haioni aibu. Lakini ina vioo vikubwa, nguzo nyembamba, na dereva anaona pande zote. Harrier imelala nyuma kwa urembo, na kioo chake cha nyuma ni kidogo. Anayerudi nyuma kwenye uwanja wenye watoto aitegemee kamera, na aifute matope kwanza. Buti ya Forester ni ya mraba, inameza magunia ya mchele na mkungu wa ndizi wa Desemba bila kulalamika. Bibi mwenye magoti mabovu alipojaribu yote mawili kwa rafiki wa familia, aliingia Forester bila kushikwa mkono.

Kwenye mlima mrefu, iwe Kitonga kwa wanaokwenda Mbeya au kwingineko, hakuna la kujivunia. Injini ya lita mbili bila tabo, abiria watano na buti imejaa, inahitaji nafasi ndefu kulipita semi-trela. Anayetaka kupita kwa haraka atafute Forester ya tabo na alipe mafuta yake.

Msimamo wangu, basi: kwa familia ya Goba inayokusudia kukaa na gari miaka mingi, ambayo ina fundi wa Subaru aliyethibitika, ningenunua Forester, na tofauti ya bei ningeigawa kati ya matairi, bima kubwa na akiba ya gereji. Kwa anayebadili gari mara kwa mara, au anayeishi mbali na miji mikubwa, Harrier ni chaguo la akili, si la majivuno tu. Dada amekubali. Shemeji anasema anafikiria, na naambiwa bado anatazama picha za Harrier nyeupe usiku.

Wakifika hatua ya kuchagua gari lenyewe, nimewaomba wadai karatasi ya mnada wa Japani kabla ya kutuma hata senti. Humo daraja linaandikwa kwa namba, na kilomita zipo. Likiwa na R au RA, gari hilo lilishapata ajali likatengenezwa, na bei yake inapaswa kusema hivyo. Wakiamua kununua lililokwisha kuingia nchini, wafike yadi asubuhi bila kutoa taarifa, wahakikishe injini ni ya baridi kabla haijawashwa, wachomoe kijiti cha oili wenyewe, kisha waende na fundi wao, wala si wa muuzaji, na wamlipe ujira wake mapema, nje ya kamisheni ya dalali.